Matatu, manne au sita? Kupanga mwaka wa maonyesho katika jumba dogo la sanaa la mwambao

Jumba linalozungumziwa hapa ni la aina inayopatikana Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu, Mombasa ya kale au Bagamoyo: nyumba ya mawe ya matumbawe, ukumbi mmoja wa chini, stoo ndogo, wafanyakazi wawili, na nafasi ya kutundikia mita 36 ukishaondoa milango na madirisha. Liko wazi siku 6 kwa wiki, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Swali la kila mwisho wa mwaka ni lile lile: mwakani maonyesho mangapi? Kamati hupenda mengi, maana mengi yanapendeza kwenye ripoti. Mwenye ngazi na nyundo mkononi hupenda machache.

Jibu letu ni manne, tena yasilingane: mawili ya wiki 14 na mawili ya wiki 6. Idadi hii imetokana na vitu viwili tu, siku za kubadilisha ukumbi na uvumilivu wa kila kazi mbele ya mwanga na unyevu wa pwani.

Mipango mitatu ikiwekwa bega kwa bega, kwa mwaka wa siku 365, inakuwa hivi:

| | Sita ya wiki 6 | Matatu ya wiki 14 | Manne (14, 14, 6, 6) |
|---|---|---|---|
| Wiki ambazo jumba liko wazi | 36 | 42 | 40 |
| Siku za kufunga kubadilisha | 60 | 30 | 40 |
| Rangi, ndoo za lita 20 | 6 | 3 | 4 |
| Siku zinazobaki bila kazi maalumu | 53 | 41 | 45 |

Siku 10 kwa kila badiliko zinaonekana nyingi mpaka uzihesabu. Siku ya kwanza ni kushusha kazi na kujaza fomu ya hali ya kila moja, picha ya mbele na ya nyuma. Ya pili ni kufunga na kusafirisha. Ya tatu puti na msasa kwenye matundu. Ya nne mkono wa kwanza wa rangi, ya tano mkono wa pili. Ya sita na ya saba hakuna anayegusa kitu: madirisha wazi, feni zinazunguka. Ya nane kazi mpya zinapangwa sakafuni zikiegemea ukuta, ya tisa zinatundikwa, ya kumi ni taa na lebo. Watu wakibanwa hukata siku ya sita na ya saba, na hapo ndipo wanapoharibu. Rangi ya maji iliyokauka kwa kidole bado inatoa unyevu na harufu. Picha yenye kioo ikitundikwa juu yake asubuhi unaikuta na jasho ndani, na fremu imegandana na ukuta. Wakati wa masika ongeza siku mbili tatu.

Hesabu ya rangi ni rahisi. Mita 36 kwa kimo cha mita 2.8 ni karibu mita za mraba 100. Lita moja hufunika karibu mita 10, mikono miwili ni lita 20. Ukitumia sehemu zile zile za kutundikia unaweza kuziba matundu na kugusia rangi hapa na pale, lakini baada ya maonyesho mawili viraka vinaonekana kama ramani, hasa taa ikipiga kwa ubavu.

Tukiwa kwenye kuta, jambo hili linazigusa hesabu zote tatu. Ukuta wa matumbawe na chokaa usiutundikie moja kwa moja, wala usiupake rangi ya plastiki. Msumari haushiki, plasta inamomonyoka, na kila badiliko linaacha shimo kubwa kuliko la awali. Rangi ya plastiki nayo inauziba ukuta unaohitaji kupumua. Chumvi na maji yakikosa pa kutokea, rangi inavimba malengelenge. Ukuta uachie chokaa yake. Mbele yake simamisha paneli za plaiwudi ya kuhimili maji juu ya fremu ya mbao, zikiwa zimeachana na ukuta kwa sentimita 5 ili hewa ipite nyuma. Usitumie mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, kwani zinanyonya unyevu na kuvimba kingo ndani ya masika moja. Juu ya paneli funga reli ya chuma yenye kamba za kutundikia. Reli inagharimu mara moja, lakini inafuta siku ya puti na mara nyingi siku moja ya rangi. Jumba lenye reli linabadilisha ukumbi kwa siku 8, na hapo mpango wa sita unaanza kuwa na maana.

Kwa wasio na reli, kanuni ya kutundika kwa mstari mmoja ni hii: katikati ya kila picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni. Pima kimo cha picha, kigawe kwa mbili, jumlisha na 150, kisha toa umbali kati ya ukingo wa juu wa fremu na waya ukiwa umevutwa. Picha ya kimo cha sentimita 60 ambayo waya wake unashuka 8 chini ya ukingo: 150 + 30 − 8, ndoano inakaa 172. Kosa la kila siku ni kupima waya ukiwa umelegea, na picha zote zinashuka sentimita mbili tatu, kila moja kwa kiasi chake.

Sasa aina za maonyesho zenyewe. Tunalinganisha manne ambayo jumba la mwambao linaweza kuyapata bila kuagiza mbali: kanga za zamani, vinyago vya mpingo, michoro ya Tingatinga, na picha za kamera.

Kanga ndizo zinazoamua kalenda nzima, kwa hiyo tuanze nazo. Rangi za kanga za zamani nyingi zinapauka upesi. Kiwango kinachofuatwa na makumbusho duniani kwa vitu dhaifu mno mbele ya mwanga ni luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na jumla isiyozidi luksi-saa 15,000 kwa mwaka mzima. Piga hesabu kwa saa zetu: luksi 50 kwa saa 8 ni 400 kwa siku. Gawa 15,000 kwa 400, unapata siku 37 na nusu. Wiki 6 za siku 6 ni siku 36. Ndiyo maana onyesho la kanga ni la wiki 6. Si kwa sababu watu wanachoka nalo. Ukiliweka wiki 14 kwa mwanga huo huo unafika luksi-saa 33,600, zaidi ya mara mbili ya posho ya mwaka, na mji wa kanga, yaani eneo lake la katikati, uliokuwa mwekundu wa damu unaanza kuelekea tofali. Na hiyo ni kama luksi 50 ni 50 kweli. Mwanga wa dirisha la pwani saa sita mchana ni maelfu. Nunua kipima mwanga, kiweke juu ya kitambaa chenyewe, si katikati ya chumba. Kwenye madirisha, mikunjo miwili ya pazia la amerikani inapunguza sana bila kuufanya ukumbi kuwa pango.

Anayeng'ang'ania mpango wa matatu ana ujanja mmoja unaokubalika: kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Tundika kimoja wiki 6, kisha mweke pacha wake wiki 6 nyingine. Unapata wiki 12. Tatizo ni kwamba kwa kanga za zamani pacha mara nyingi hayupo. Mmoja alifanywa mbeleko au tambara zamani.

Kanga isipigwe msumari wala pini za kubonyeza. Shona kwa mkono, mishono mipana, utepe wa pamba wenye mfereji kwenye ukingo wa juu, halafu pitisha fimbo ndani yake. Na hapa ile kanuni ya sentimita 150 inavunjwa. Kanga yenye kimo cha sentimita 110 ikitundikwa katikati 150, ukingo wa chini unafika 95 na jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, linakaa chini mno. Mtu mzima anainama. Pandisha katikati hadi 165. Jina linakuja karibu na kifua, na watu husoma jina kabla ya kutazama pindo au mji. Onyesho ambalo jina halisomeki limepoteza nusu ya wasomaji wake.

Kanga zinazotoka makabatini kwa watu zinakuja na wageni, yaani wadudu. Zitie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, ziba kwa gundi ya utepe, weka kwenye friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa, acha mfuko umefungwa siku nzima ndipo ufungue, la sivyo maji yanatanda juu ya kitambaa badala ya juu ya plastiki. Wiki hizo mbili ziingie kwenye ratiba. Hazimo ndani ya zile siku 10. Baada ya onyesho kanga ivingirishwe kwenye bomba pana lililofunikwa karatasi isiyo na asidi. Ukiikunja kama ya dukani, mikunjo ndiyo itakayokatika kwanza.

Vinyago vya mpingo ni kinyume cha kanga karibu kwa kila jambo. Mwanga hauvisumbui sana, ndiyo maana vinafaa wiki 14. Kinachoviua ni kukaushwa ghafla. Mpingo unakauka polepole mno, na vinyago vingi vinachongwa gogo likiwa bado bichi moyoni. Kikitoka kwenye karakana ya pwani kikaingia chumba chenye kiyoyozi, nje inakauka na kusinyaa, ndani bado imejaa, na ufa unafunguka kuanzia ncha za gogo. Kiyoyozi cha mchana kinachozimwa usiku ni kibaya kuliko kutokuwa nacho kabisa: unyevu unashuka na kupanda kila siku. Kwa vinyago tumia feni na madirisha, hata kipimo kikisoma asilimia 70. Unyevu uliotulia ndio unaotakiwa, na kwa sababu hiyo tunaviweka wakati wa masika, msimu ambao kila kitu kingine kinalalamika.

Uzito usidharauliwe. Mpingo una karibu kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, unazama majini. Gogo la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 20 na kimo cha mita moja ni kilo 37 na ushei. Kinyago cha mtindo wa ujamaa, watu wakipandana kama ngazi, kimetobolewatobolewa, lakini bado kinaweza kufika nusu ya hapo, na uzito mwingi uko juu. Sanduku la kukiweka liwe na kitako cha sentimita 40 kwa 40, kimo 90 au chini ya hapo, na ndani mwake mifuko miwili ya mchanga. Vya mashetani, vyenye mkono au mguu uliochomoza, viwe mbali na njia ya wanafunzi. Ukikodi usafiri hesabu watu wawili kwa kila kinyago cha kimo cha mita moja, na blanketi, si magazeti.

Kuvusha mpaka ni habari nyingine. Mpingo uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kiambatisho cha pili, tangu Januari 2017. Bidhaa zilizokamilika zenye mpingo usiozidi kilo 10 kwa shehena zimesamehewa. Zaidi ya hapo unahitaji kibali. Vinyago vitatu vya wastani vimeshapita. Jumba la Mombasa linaloazima vinyago Mtwara lianze makaratasi miezi kadhaa kabla. Na kama kitu ni cha kale, kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 kwa Tanzania Bara na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 kwa Kenya. Kwa hiyo onyesho la vinyago ndilo refu kuandaa na refu kuonyesha. Kulitia kwenye nafasi ya wiki 6 ni kubeba magogo kwa ajili ya wikendi chache.

Tingatinga inauzika, na hilo linabadilisha mahesabu yote. Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 Dar es Salaam, mtindo umebaki pale pale: rangi za mafuta zinazong'aa, hadibodi au turubai, mara nyingi mraba wa sentimita 60. Kwa mita 36, ukiacha sentimita 60 kati ya picha na picha, zinaingia 30. Mnunuzi mgeni hataki kusubiri wiki 14. Ndege yake ni kesho kutwa. Kwa onyesho refu weka mkataba unaoruhusu kazi iliyouzwa kuondoka siku hiyo hiyo, na uwe na nyingine 10 za akiba stoo, za vipimo vile vile, ili ndoano isiguswe. Bila akiba, wiki ya nane ukuta una mapengo na anayeingia anadhani amechelewa.

Kinachoharibika hapa ni haraka. Rangi ya mafuta inakauka juu kwa siku moja, chini bado mbichi kwa wiki kadhaa. Mpe mchoraji tarehe ya mwisho wiki 3 kabla ya ufunguzi, na umwambie ni ya kukabidhi, si ya kumaliza. Michoro miwili iliyobebwa uso kwa uso kwenye joto la gari inagandana, na ukiibandua twiga anaondoka na shingo ya jirani yake. Weka karatasi ya kuokea kati yake, isimamishe wima. Hadibodi isiyo na mbao nyuma inapinda mgongo. Fito mbili za msalaba zinatosha. Na kwa kuwa rangi inang'aa, taa iliyo mbele moja kwa moja inaonekana ndani ya picha kuliko simba. Ipeleke juu, ielekee ukutani kwa pembe ya nyuzi karibu 30 kutoka wima. Luksi 200 zinatosha.

Picha za kamera zina maneno machache. Ni onyesho rahisi kuliko yote kulileta, kwa sababu faili linakuja kwa intaneti na kuchapishwa mjini. Nakala ya maonyesho ikiharibika unachapisha nyingine. Sharti ni moja: karatasi isiguse kioo. Kwa unyevu wetu inanata na haibanduki. Fremu iwe na paspatuu, ile kadi nene inayotenganisha picha na kioo, ya milimita 2 au zaidi, na vipande viwili vya kizibo nyuma kwenye pembe za chini ili hewa ipite. Picha halisi za zamani za studio, zile zilizochapwa chumba cha giza, ni jambo tofauti. Zichukulie kama kanga, na afadhali uonyeshe nakala zake.

Kwa hayo, kalenda ya manne inajipanga yenyewe. Kanga 8 Januari hadi 18 Februari, kaskazi ikivuma, na wageni wa tamasha la muziki la Sauti za Busara wako mjini kama uko Zanzibar. Vinyago 1 Machi hadi 6 Juni, masika yote. Tingatinga 17 Juni hadi 22 Septemba, kusi, baridi kidogo, watalii wengi. Kisha siku 45 za kupumua: kuta, paa, hesabu ya mali, au kuwapa shule ukumbi kwa michoro ya watoto, ambayo haihitaji bima wala friza. Picha za kamera 17 Novemba hadi 28 Desemba.

Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, basi kalenda isinakiliwe bila kuiangalia. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Maana yake wiki za mwisho za kanga ziko ndani ya mfungo, badiliko zima pia, na ufunguzi wa vinyago usogezwe mpaka Idi ipite. Ufunguzi wa jioni wakati wa futari hauna watu, na mafundi waliofunga wasipandishwe ngazi alasiri. Kazi ya kubeba ifanyike asubuhi.

Mpango wa matatu unamfaa nani, basi? Jumba ambalo kazi yake kubwa ni shule. Barua kwa mwalimu mkuu, ruhusa ya wazazi, nauli ya gari: kwa onyesho la wiki 6, ruhusa inatoka siku mnayoshusha picha. Wiki 14 zinameza muhula. Pia unafaa pale mfanyakazi ni mmoja. Hasara yake ni wenyeji: wanakuja kwenye ufunguzi, labda mara moja tena na mgeni wa nyumbani, kisha miezi mitatu wanapita mlangoni bila kugeuza shingo.

Mpango wa sita unafaa jumba lenye reli, stoo kavu ya kutosha maonyesho mawili kwa wakati mmoja, na msimamizi ambaye hafanyi kitu kingine. Stoo ndiyo inayosahauliwa. Kazi za onyesho lililopita hazijachukuliwa na mwenyewe, za lijalo zimeshafika, na picha 60 zinaegemea ukuta wa stoo moja yenye ukungu. Kabla ya kukubali mpango huo, pima stoo: kila kazi isimame juu ya fito zilizoinuka sentimita 10 kutoka sakafuni, sentimita 5 mbali na ukuta, na mtu aweze kuifikia bila kuhamisha nyingine. Zisipoenea 60, rudi kwenye manne.